Kamba na Mpira: Mfundishe Mtoto Wako Kuruka na Kudaka

    Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kedowa. Leo sina chanjo wala dawa ya kuwaeleza. Leo nataka utafute kamba, na kama una soksi kuukuu, weka karibu.

Nikizungumza na akina mama kuhusu michezo ya watoto, wengi hunijibu hivi: "Sister, kucheza mtoto hafundishwi. Anajua mwenyewe." Ni kweli kwa upande mmoja. Kukimbia mtoto hujifunza mwenyewe, na kupanda miti pia, hata ukimkataza. Lakini kuruka kamba na kudaka mpira ni kama kufunga kamba za viatu. Lazima aone mtu akifanya, ajaribu, akosee, aonyeshwe tena. Zamani kazi hiyo ilifanywa na dada na kaka wakubwa malishoni au kando ya njia ya shule. Siku hizi dada mkubwa yuko bweni, kaka ana kazi ya shule hadi usiku, na mdogo anabaki amekaa kwenye kochi na simu ya mama. Hakuna aliyemwonyesha.

Matokeo yake huyaona si leo bali miaka mitatu baadaye. Mtoto akifika darasani akiwa na miaka saba au minane na hajui kudaka, wenzake hawamchagui timu. Akichaguliwa, mpira ukimponyoka wanamcheka. Wiki ya pili anasema tumbo linauma siku ya P.E. Mwaka unaofuata amekuwa yule mtoto wa kushika sweta za wenzake kando ya uwanja. Hapo tena kumrudisha uwanjani ni kazi. Ndiyo maana naona jambo hili ni la afya, wala si la mchezo tu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Lilisema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kuwa katika mwendo wa aina mbalimbali kwa angalau saa tatu kwa siku, zikigawanywa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni. Akifika miaka mitatu, saa moja kati ya hizo iwe ya kumtoa jasho na kumfanya ahemeke. Kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na saba, mwongozo wa mwaka 2020 ulisema wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu katika wiki wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kuruka ni katika hayo. Kila mara mguu unapotua chini, mfupa hupata habari kwamba una kazi, nao hujijenga. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita mbili kwenda shule tayari ameshapata sehemu ya dakika zake. Lakini kutembea hakumfundishi kudaka.

Utasema shule itamfundisha. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika mwaka 2019, huu tunaouita CBC, umeweka kuruka, kurusha na kudaka katika masomo ya watoto wadogo, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu mmoja, watoto uwanja mzima na kamba mbili, mtoto wako ataruka mara ngapi kabla kengele haijalia? Na mvua yetu ya mchana unaijua, ile inayokuja na mawe. Kwa hiyo nakuomba dakika kumi nyumbani. Kumi tu, baada ya kupeleka maziwa au huku ukingoja maji ya ugali yachemke.

Sasa tuanze na kamba. Kamba ya katani ni nzuri kwa sababu ina uzito na huzunguka vizuri. Ile ya nailoni nyembamba ni nyepesi, hupeperuka, halafu ikimgonga mtoto mguuni inachoma kama fimbo. Ukitaka kuitumia, isuke mara tatu kama nywele. Kamba ya kufungia ng'ombe usimpe mtoto hivi hivi, kwa sababu huenda imepata dawa ya kupe, na mtoto atashika kamba kisha ashike mdomo. Tafuta nyingine. Waya wa umeme, hata kama umekatwa, usitumie kabisa. Asije akazoea kwamba waya ni kitu cha kuchezea.

Kwa kipimo, mtoto akanyage katikati ya kamba kwa miguu yote miwili, kisha avute ncha juu. Zikifika kwapani, hiyo ni kamba yake. Ikiwa ndefu zaidi itamnasa miguuni, na ikiwa fupi itampiga kichwa. Akina mama wengi hununua kamba moja kwa watoto wote watatu na kisha wanashangaa kwa nini mdogo hawezi. Mdogo apige fundo mkononi aifupishe.

Halafu viatu. Hapa kwetu matope hayaishi, na mtoto yuko ndani ya gambutsi kuanzia Aprili. Gambutsi ni nzuri shambani, lakini haziruki. Ni nzito, kisigino hucheza ndani, na mtoto hujikwaa. Mvue. Kwenye nyasi fupi, ukishahakikisha hakuna miiba wala vioo, aruke pekupeku au na raba. Akimaliza aoshe miguu, aikaushe hata katikati ya vidole, na umtazame kama ana funza.

Usimkabidhi kamba ukamwambia "ruka." Hapo ndipo wengi wanaponyanyua mikono. Kuruka kamba ni mambo matatu kwa wakati mmoja: mikono inazungusha, macho yanatazama, miguu inapaa. Mtoto wa miaka minne hawezi kuyaunganisha, na wala hana kosa. Mgawie.

Siku za kwanza, laza kamba chini kama nyoka aliyelala. Mtoto aruke kutoka upande huu hadi huu, miguu yote miwili pamoja. Mtoto wa miaka miwili na nusu huwa tayari anaweza kupaa kwa miguu miwili, hata kama ni urefu wa kidole. Mfundishe kutua. Atue kwa sehemu ya mbele ya wayo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, bila kishindo. Mwambie atue kama paka. Ukisikia kishindo cha visigino, mwonyeshe tena, maana huko ndiko kunakoumiza magoti na mgongo.

Akishazoea, mwamshe nyoka. Shika ncha moja, uitikise kamba chini ivingirike, naye aruke bila kuikanyaga. Watoto hupenda sana sehemu hii, na utachoka wewe kabla yake. Baadaye shikeni ncha mbili, wewe na mtoto mwingine, au uifunge ncha moja kwenye nguzo ya ua, kisha ibembeeni huku na huku chini chini kama maji ya mto, bila kuizungusha juu. Mtoto asimame katikati na kuruka kila inapomfikia. Msaidie kwa sauti. Hapa kwetu watoto huhesabu: agenge, aeng', somok. Sauti ya kuhesabu ndiyo inayomwambia mguu wakati wa kupaa. Mtoto asiyeshika mdundo kwa macho huushika kwa masikio.

Kamba ya kubembea ikimwingia, ndipo muizungushe juu ya kichwa. Hapo atakuwa na miaka mitano au sita hivi. Kuzungusha mwenyewe huja mwisho, wengi kati ya miaka sita na saba. Hata hapo anza bila kuruka. Ashike ncha mbili kwa mkono mmoja, azungushe kamba kando ya mwili hadi asikie inavyogusa ardhi: ta, ta, ta. Kila ikigusa, aruke papo hapo, ingawa kamba iko kando. Kisha mkono wa pili. Baada ya hapo ndipo aishike kwa mikono miwili, airushe kutoka nyuma juu ya kichwa, aisubiri ifike miguuni isimame, halafu aivuke. Apumzike. Arudie. Kuruka kwake kwa kwanza kutakuwa hivyo, kwa kukatika katika, na ni sawa kabisa. Baada ya siku kadhaa atasahau kusubiri, na utamsikia nje ya dirisha anafika kumi.

Neno dogo kwako wewe mama. Kama umejifungua majuzi, wewe zungusha tu, usiruke. Na kama kila ukiruka au ukikohoa mkojo unakutoka kidogo, usinyamaze ukadhani ndiyo hali ya mwanamke aliyezaa. Njoo kliniki tuzungumze. Kuna mazoezi ya misuli ya nyonga, na husaidia.

Tuje kwa mpira. Sisi tuliokulia hapa tulitengeneza mpira kwa mifuko ya nailoni iliyoviringwa na kufungwa kwa kamba. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo, mpira ule nao umeadimika, na sijaona wazee wengi wakifundisha mwingine badala yake. Soksi inatosha. Jaza soksi moja kwa matambara laini, ikaze, pindua mdomo wake, kisha ivalishe soksi ya pili na ya tatu, na ushone. Majani makavu ya mgomba pia hufanya mpira mzuri, yakifungwa vizuri kwa kamba ya katani. Kwa mtoto anayeanza, mpira uwe mkubwa kama kichwa chake na laini kiasi kwamba ukimgonga usoni atacheka. Mpira mdogo mgumu humfundisha jambo moja tu, kufumba macho. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe kipira kinachoweza kuingia mdomoni, kwa maana kinaweza kumkaba koo.

Kudaka kuna njia yake pia. Kwanza kaeni chini mkitazamana, miguu imepanuliwa, na mviringishe mpira kutoka kwako hadi kwake. Hata mtoto wa mwaka mmoja na nusu huweza. Akifika miaka miwili atakuwa anapiga mpira teke. Baadaye simameni karibu, hatua mbili tu kati yenu. Mwambie anyooshe mikono mbele kama anayepokea mtoto mchanga, na umwekee mpira mikononi badala ya kumtupia. Atauvuta kifuani na kuukumbatia. Usimkosoe kwa kutumia kifua, ndivyo kila mtu alivyoanza. Mrushie polepole, kutoka chini kwenda juu, uje kwenye kitovu. Kila akidaka mara tano mfululizo, rudi nyuma hatua moja. Akikosa mara tatu, sogea mbele bila kusema neno. Kufika miaka minne, wengi huweza kudaka mpira mkubwa mara nyingi. Kudaka kwa viganja peke yake bila kifua huja baadaye, karibu na miaka sita.

Na sema "tazama mpira," usiseme "daka." Ukisema daka, mtoto hukutazama wewe.

Kurusha ni rahisi zaidi, sitakawia. Jambo ambalo hukosewa ni mguu. Anayerusha kwa mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto. Wa kushoto vivyo hivyo kinyume chake, na tafadhali usimbadilishe mkono mtoto wa kushoto. Mwekee debe au karai ukutani alenge. Kila mtoto hupenda kelele ya bati.

Niwaeleze kuhusu macho, kwa sababu nimeliona. Katika kazi yangu nilikutana na kijana wa miaka minane ambaye nyumbani aliitwa mzembe. Kila mpira ulimpita. Mikono yake ilifunga baada ya mpira kufika, kana kwamba anakamata nzi. Alishapigwa na mpira usoni mara nyingi hata akawa anageuza kichwa. Nilimwambia afunike jicho moja kwa kiganja, anihesabie vidole. Akahesabu vizuri. Nikamwambia afunike lile lingine. Akanyamaza, kisha akacheka kwa aibu. Jicho moja lilikuwa linaona ukungu tu, na yeye alidhani kila mtu ana jicho moja la kuonea na moja la akiba. Tulimpeleka kliniki ya macho akapata miwani.

Kwa hiyo kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani leo. Funika jicho moja la mtoto bila kulibonyeza, mwonyeshe vidole au picha ukutani, kisha lingine. Akilia au kuukwepa mkono wako kila unapofunika jicho lile lile, huenda hilo ndilo analotegemea. Usingoje. Jicho linaloona hafifu tangu utotoni hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo. Ukichelewa, ubongo huzoea kulipuuza.

Kuna mengine ambayo kamba na mpira huyafichua kabla ya mizani ya kliniki. Mtoto wa miaka mitano ambaye hawezi kabisa kurukaruka kwa mguu mmoja hata mara moja, mlete tumwangalie. Yule ambaye alikuwa anaweza jambo na sasa hawezi tena, mlete upesi zaidi. Tazama jinsi anavyoinuka kutoka sakafuni. Akijisukuma kwa kushika magoti, kisha mapaja, kama anayejipanda mwenyewe, huenda misuli ya miguu ina udhaifu. Miguu iliyopinda kama upinde baada ya miaka miwili inaweza kuwa matege, ugonjwa wa mifupa laini. Huku kwetu kwenye baridi, watoto hufungwa mablanketi na kukaa ndani karibu na jiko, jua halifiki kwenye ngozi, na bila jua mwili haupati vitamini D ya kutosha kuimarisha mifupa. Kucheza nje jua linapowaka ni sehemu ya kinga. Na mtoto anayehema sana kuliko wenzake, anayechuchumaa katikati ya mchezo, anayezirai, au ambaye midomo yake hugeuka rangi ya samawati, aache kuruka hadi daktari asikilize moyo wake.

Mwenye pumu hacheki na baridi, hilo najua, lakini pumu haimkatazi kucheza. Avae sweta, aanze polepole kwa kutembea na kuruka kidogo kwa dakika tano, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, isifungiwe kabatini. Na mtoto mwenye njaa haruki. Kikombe cha uji au mursik saa moja kabla ya mchezo hufanya kazi kuliko kumfokea kuwa mvivu. Akiwa amepauka viganja na ulimi, na hachangamki hata akila, tumpime damu.

Mtoto mwenye ulemavu wa miguu msimweke kando. Akikaa kwenye mkeka anaweza kuviringisha na kudaka mpira. Anaweza kuzungusha ncha ya kamba, na mzungushaji ndiye anayeamua mwendo wa mchezo wote. Nimewaona watoto wakigombania azungushe fulani kwa sababu mkono wake hauchoki.

Watoto wakishajua haya, michezo iko tayari, hamhitaji kununua kitu. Mnaukumbuka mchezo wa kati? Wawili wanasimama ncha mbili na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa. Humo kuna kurusha, kudaka, kukimbia, kugeuka na kuinama. Blada nayo, ile ya mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli uliokatwa vipande vyembamba na kuunganishwa. Wawili wanauvaa vifundoni, wa tatu anaruka, kisha unapanda magotini, unapanda kiunoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kubuni zoezi la miguu linaloshinda blada. Wavulana wakisema ni mchezo wa wasichana, waambie wajaribu ya magotini.

Hapa nataka kusema juu ya wasichana. Nikipita vijijini saa kumi jioni, wavulana wako uwanjani wanakimbiza mpira. Msichana wa miaka minane yuko kando, mdogo wake amefungwa mgongoni, anatazama. Anaweza kuzungusha kamba, lakini haruki, kwa sababu atamwamsha mtoto. Kesho yake vilevile. Najua kwa nini, mama. Umetoka kuchuma majani tangu alfajiri, mgongo unauma, kuni hazijaletwa, nani ashike mtoto? Sikulaumu. Ninachoomba ni kwamba zamu hiyo ya kubeba isiwe ya msichana peke yake. Kaka yake naye ana mgongo. Kwa nusu saa mtoto anaweza kukaa kwa kogo kwenye kiti cha nje, au kwenye mkeka mbele yako ukichambua mboga. Na msichana anayekua mshonee kaptula avae chini ya sketi. Wengi huacha kuruka wakiwa na miaka kumi au kumi na moja kwa kuogopa sketi kupeperuka, wakati ule ule ambapo mifupa yao inahitaji kuruka zaidi.

Tunapenda kutaja wanariadha wetu. Wilson Kiprugut Chuma, kijana wa Kericho hii, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Tunajivunia. Lakini nimeona fahari hiyo ikiwaumiza watoto wengine. Mzazi anamtazama mtoto, anaona hakimbii haraka, anasema huyu si wa michezo, akae asome. Mtoto haruki kamba ili apate medali. Anaruka ili moyo wake uwe na nguvu, alale usiku, ajue kungoja zamu yake, na akianguka ainuke mbele ya watu.

Sasa mahali pa kuchezea. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Kericho haiko mbali nasi. Hatujasahau jioni ya tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction, lori lilipowavamia watu kando ya barabara na wenzetu zaidi ya 50 wakafa. Wengine walikuwa wakiuza mboga tu. Sitaki kukutisha, ila mpira hauna breki, na mtoto anayefuata mpira haoni gari. Usiwaache wachezee kando ya lami wala kwenye njia ya bodaboda. Na wafundishe kusimama kama unavyowafundisha kudaka. Chora mstari uwanjani, viringisha mpira uvuke mstari, na mtoto akimbie lakini asimame mstarini na kuita mtu mkubwa. Rudieni hadi miguu yake isimame bila kufikiri. Mwambie waziwazi: mpira ukiingia barabarani, ni wa barabara. Tutashona mwingine.

Funikeni pia mashimo ya maji na vyoo vya shimo vilivyoachwa. Kamba isichezewe shingoni, wala isifungwe kiunoni mwa mtu kumvuta kama ndama. Mchezo ukiisha ining'inize juu, kwa sababu mtoto wa miaka miwili akibaki peke yake na kamba anaweza kujinyonga bila kujua.

Wataanguka, hilo halina shaka. Mchubuko uoshwe kwa maji safi na sabuni, basi. Usipake kinyesi cha ng'ombe, wala majivu, wala mafuta ya gari. Kama kidonda kina udongo mwingi na hukumbuki mtoto alipata chanjo zote, mlete na kitabu chake cha kliniki. Akiteguka kifundo cha mguu, apumzike, weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hivi, funga kwa bandeji isiyobana sana, na uinue mguu juu ya mto. Kama hawezi kukanyaga kabisa, au mkono umepinda, au uvimbe unaongezeka, chukulia kwamba mfupa umevunjika. Usikande. Usimpeleke kwa wa kuvuta na kusugua. Funga kiungo kama kilivyo kwa kipande cha mbao au kadibodi na kitambaa, na mje kituo cha afya. Akigonga kichwa akatapika, akasinzia kusiko kwa kawaida au akapoteza fahamu, msingoje asubuhi.

Swali moja huulizwa sana: je, kama sina nguvu ya kuruka wala sijawahi kujua kudaka? Kogo mmoja aliniuliza hivyo, na magoti yake kweli hayaruki. Nilimjibu kwamba anayezungusha kamba anaweza kukaa kwenye kiti, na ncha nyingine ikafungwa kwenye mti. Kuhesabu kunahitaji mdomo tu. Na baba akirudi, mwombe ashone mpira. Wengine hushona vizuri kutushinda.

Ukija kliniki kwa chanjo au kupima uzito, njoo na wakubwa pia kama ni likizo. Niambie mtoto anaruka mara ngapi. Kurasa za ukuaji wa mtoto zimo ndani ya kitabu cha mama na mtoto, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako anaweza kukusomea kama maandishi ni madogo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo. Kwaherini, na kama mvua bado haijaanza huko kwenu, watoeni nje sasa hivi.